Maji yaliyoshindwa kupanda dirishani: kisa cha mashine ya kufulia Mkomani, Lamu

Mfungo Sita ukiandama, nyumba nyingi za Lamu huingia kwenye kazi moja kubwa ya kufua. Wageni wa Maulidi wanakuja kutoka Mombasa, Malindi, Pate na Siyu, magodoro yanashushwa, mashuka yanatolewa makabatini, na kanzu zinazokwenda Msikiti wa Riyadha lazima ziwe nyeupe pee. Ndipo bibi mmoja wa Mkomani aliponipigia simu, asubuhi, kabla sijafungua kibanda changu cha ufundi huku mtaa wa Langoni.

"Mwanangu, mashine imekataa kutema mai. Nguo zimo ndani tangu jana alasiri, mlango haufunguki, na mimi nina wageni kumi na moja."

Nilimuuliza mashine inaandika nini usoni. Akamwita mjukuu wake, akanisomea herufi. Kila kiwanda kina herufi zake: LG huandika OE, Samsung 5E au 5C, Bosch E18. Maana yake inakaribiana: mashine ilianza kutoa maji, ikasubiri muda iliopangiwa, muda ukaisha na maji bado yamo. Tuishike vizuri maana hiyo, kwa sababu kisa chote hiki kimetokana na watu kuisoma vibaya. Herufi zile hazisemi pampu imekufa. Mashine haiioni pampu. Inachojua ni maji yalikuwa kiasi gani na dakika ngapi zimepita.

Na hapo bibi akaniambia neno lililonifanya nichukue mita, tepu ya kupimia na ndoo badala ya kwenda na bisibisi peke yake: "Na pampu ni mpya. Ilitiwa mwezi uliopita."

Mashine yenyewe ni ya mlango wa mbele, ya kilo 7, ina miaka minne. Ilivushwa kwa boti kutoka Mokowe na kuingizwa vichochoroni kwa mkokoteni, watu wanne wakiinyanyua kwenye vidato. Imewekwa kiwandani, yaani ule uwanja wa ndani usio na paa, chini ya ngazi, mahali pasiponyeshewa. Nyumba ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene kiasi cha nusu mita. Birika lake, lile tangi la kuhifadhia maji ya kuogea, bado linatumika na lina visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, kama ilivyokuwa desturi. Nayataja haya si kwa kupamba. Ukuta ule mnene na uwanja ule ndivyo vilivyoamua maji yatoke vipi.

Nilipofika, baada ya hodi na shikamoo, kazi ya kwanza ilikuwa kuziokoa nguo. Nilichomoa waya wa umeme ukutani kabisa, sikuishia kubonyeza kitufe tu. Pembeni ya chujio, chini mbele, mashine nyingi za aina hii zina kimpira chembamba chenye kizibo, cha kumwagia maji ya dharura. Nikatandika matambara, nikaweka karai, nikafungua kizibo. Yalitoka maji ya kijivu yenye harufu ya tope la bandarini, ndoo moja na zaidi kidogo, karibu lita 13. Maji yalipokwisha nilifungua chujio polepole, nusu mzunguko, nikingoja, kisha nusu nyingine. Ukilifungua kwa pupa mashine ikiwa imejaa, utaifurikisha nyumba, na kama ilikuwa ikifua kwa maji ya moto utaungua mikono.

Chujio lilikuwa safi. Fundi aliyenitangulia alimwagiza binti wa nyumba alisafishe kila Ijumaa, na amelisafisha kweli. Aliniletea kikombe alimohifadhi alivyokuwa akivikuta: vifungo viwili vya kanzu, shilingi tano, na pini za mtandio tisa. Tisa! Nilizihesabu mbele yake. Pini ya mtandio ni nyembamba, inapita kwenye matundu ya dramu kama uzi, na huku kwetu ndiyo ninayoikuta kuliko sarafu.

Nikatia tochi kwenye tundu la chujio. Kule ndani unaiona feni ndogo ya pampu. Nikaizungusha kwa kidole, na hapa naomba wenzangu mafundi wachanga wanisikilize. Feni ile haizunguki laini kama feni ya meza. Inakwenda robo, inashika, unaisukuma, inaruka, inashika tena. Mtu asiyezoea husema imekwama. Haikukwama. Rota ya pampu hizi, yaani kile kiini kinachozunguka, ni sumaku, na kile unachokisikia kidoleni ni sumaku ikivutwa na chuma kilichoizunguka. Pampu iliyokwama kweli haisogei kabisa, au inasaga kama yenye mchanga, au inayumba upande kwa sababu ekseli imelika. Ile ya bibi ilikuwa inashika na kuruka sawasawa, kila upande.

Mita ilionyesha omu 158, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, kwenye koili yake. Pampu za namna hii za volti 220 hadi 240 huwa kati ya mia moja na kitu na mia mbili. Kwa hiyo haijaungua wala haijakatika.

"Bibi, ile ya zamani fundi aliondoka nayo?"

"La, mwanangu. Kitu nimekilipia, aende nacho kwa nini?" Akapanda juu, akarudi na kifurushi cha kipande cha leso.

Nikaifungua sakafuni. Nikaipima: omu 161. Nikaizungusha: inashika, inaruka, inashika, inaruka, vilevile kama ndugu yake mpya. Ekseli haiyumbi. Mabawa yote yapo. Nikaigeuza mkononi mara tatu nne nikitafuta kosa, sikuliona. Pampu ile ilitolewa nzima. Bibi alikuwa ametoa shilingi 4,500 za pampu mpya iliyotoka Mombasa kwa basi na boti, na 1,500 za ufundi, na tatizo halikuguswa. Nilisikitika sana, kwa sababu bibi yule anauza mahamri na mbaazi asubuhi, na 6,000 ni mahamri mengi.

Lakini lazima nimtendee haki fundi mwenzangu. Baada ya kuifunga pampu mpya, mashine ilifanya kazi wiki nzima. Mtu yeyote angesema amepatia. Kwa nini ilifanya kazi? Jibu nililipata baadaye siku hiyohiyo, nitalieleza mahali pake.

Vitu vingine nilivipitia haraka. Umeme wa nyumba ulikuwa volti 226 pampu ikizunguka, basi si umeme. Kile kimpira chembamba kinachopeleka hewa kwenye kipima-maji nilikichomoa, nikapuliza, kiko wazi. Mpira mnene wa mikunjo unaotoka chini ya dramu kuja kwenye pampu niliufungua pia: utelezi kidogo, kifungo kimoja, hakuna cha kuzuia maji.

Nikaiacha mashine, nikafuata mpira.

Nyuma ya mashine, mpira wa kutolea maji ulipanda ukutani, ukaungwa na mpira mwingine, ukashuka kidogo ukaning'inia kama kamba ya nguo, ukapanda tena hadi dirisha dogo la juu, ukatokea nje na kumwaga kwenye mfereji wa kichochoroni. Nilitoa tepu. Kutoka sakafuni hadi kizingiti cha dirisha ni sentimita 168. Urefu wa mpira wote ni mita 5.2, na katika hizo mita 1.7 tu ndizo zilizokuja na mashine.

Pampu ya mashine ya kufulia ni kitu kidogo. Nyingi zina wati thelathini hivi, nguvu ya kibalbu. Kazi iliyoundiwa ni kusukuma maji mpaka kimo cha beseni la kunawia, basi. Vitabu vya mashine nyingi vinataka mpira upande hadi kimo cha kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni, na vinakataza au vinaonya kuhusu kuurefusha. Yule wa bibi ulikuwa sentimita 68 juu ya ukomo huo, na mrefu mara tatu ya ulivyozaliwa.

Nilimuuliza swali ambalo mtu alipaswa kuliuliza mwezi uliopita: mpira huu uliwekwa hivi lini?

Alikuwa anamimina kahawa. Akasema kama jambo lisilo na uzito: "Ah, huo ni wa fundi wa vigae. Mwezi wa Shaabani tuliinua sakafu ya kiwanda, tundu la mai likazibwa. Akaupitisha dirishani."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ulikuwa umelazwa chini tu, ndani ya tundu. Lakini wakati ule mashine ilikuwa inakunywa mai, mwanangu! Tangi la juu likiisha kwa kufua mara mbili. Ndiyo fundi wa vigae akasema ukienda juu itaacha."

Hapo kisa chote kilinifungukia. Ncha ya mpira ikilala sakafuni, chini ya kimo cha maji yaliyo ndani ya dramu, maji hujivuta yenyewe yakatoka bila pampu, kama mtu anavyonyonya petroli kwa mpira kutoka tangini. Mashine inajaza, mpira unamwaga, mashine inaona bado haijajaa, inajaza tena. Bibi alikuwa akimwaga maji matamu mchana kutwa bila kujua. Na maji ya Lamu si ya kumwaga. Mji unakunywa maji ya visima vya vilima vya mchanga vya Shela, mvua iliyozama mchangani ikaelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni nyepesi kuliko hayo. Ukiyavuta kupita kiasi, chumvi inapanda. Kwa hiyo fundi wa vigae aliona tatizo la kweli na alijua kwamba dawa ni kuinua mpira. Kosa lake lilikuwa kimo. Chini mno, mashine inakunywa. Juu mno, inazuia. Penye heri ni kati ya goti na kiuno cha mtu mzima.

Kujua sababu si kuithibitisha, na tayari bibi alikuwa ameshalipia dhana moja. Nikataka vipimo. Mjukuu wake, kijana wa darasa la nane, alisimama kichochoroni na ndoo ya lita 10 na simu yenye saa. Mimi nilimimina maji dramuni, nikachagua programu ya kukamua, na mashine kama kawaida ikaanza kwa kutoa maji.

Mpira ukiwa ulivyokuwa, hadi dirishani, ndoo ilichukua dakika 3 na sekunde 20 kujaa. Maji yalitoka kwa kukohoa, yakisimama na kuanza upya.

Nikautenga mpira wa nyongeza, nikabaki na ule wa asili, nikaishika ncha yake ukingoni mwa ndoo juu ya kigoda, sentimita 70 kutoka sakafuni. Sekunde 36. Maji yalipiga ndoo kwa nguvu hadi yakaturukia.

Binti wa nyumba akasema basi mpira umeziba, tununue mpya, yamekwisha. Ilikuwa hoja ya maana, na nadhani fundi wengi wangeishia hapo. Lakini nilitaka kujua kila kosa lina mzigo kiasi gani. Nilikuwa na mpira mpya kibandani. Niliurefusha ule wa asili kwa huo mpya, safi kabisa, kwa kiungo kipana, nikaupeleka dirisha lilelile. Dakika 1 na sekunde 50.

Tazama hesabu hiyo. Mpira mchafu pamoja na kiungo chake viliongeza dakika moja na nusu. Lakini hata mpira ungekuwa safi kama siku ya kwanza, safari ya dirishani inafanya ndoo ijae kwa muda mara tatu ya unaotakiwa. Tungebadilisha mpira tu, mashine ingetoa maji kwa shida miezi michache, uchafu ungerudi, na bibi angenipigia tena kabla ya Ramadhani. Mashine kama ile hubakiwa na lita 15 hadi 20 za kutoa baada ya kufua. Kwa sekunde 36 kila lita 10, hiyo ni kazi ya dakika moja na kitu. Kwa dakika 3 na sekunde 20, ni dakika tano, sita au zaidi, na nguo zilizolowa zinaendelea kuachia maji. Mashine inachoka kusubiri, inaandika herufi zake, inakataa kukamua. Na ni vizuri ikatae, maana dramu iliyojaa maji ikizungushwa kwa kasi ile inaweza kuvunja beringi zake.

Mwisho wa kutoa una tatizo jingine. Maji yakikaribia kwisha, pampu huanza kuvuta hewa na kupoteza nguvu. Maji yaliyo kwenye sehemu inayopanda ya mpira hayana tena wa kuyashikilia, yanarudi chini. Mpira wa kipenyo cha milimita 20 unabeba kama theluthi ya lita kwa kila mita. Mita moja na nusu ya kupanda ni nusu lita inayorudi mashineni kila mara, pamoja na sabuni na uchafu wake, ikae hapo hadi kesho. Nusu lita haitoshi kuizuia mashine, lakini inatosha kabisa kuifanya inuke. Ile harufu ya bandarini ilitoka huko.

Sasa ule mpira wa nyongeza. Niliuweka juu ya gazeti nikaupasua kwa kisu kwa urefu, familia nzima imeinama kuangalia. Sehemu iliyokuwa ikining'inia ndiyo iliyokuwa mbaya. Kila mkunjo wa mpira ulikuwa umejaa uji wa kijivu, mzito kama wanga wa kupigia pasi, na ndani yake mchanga mweupe mwembamba na nyuzi za leso za rangi zote. Ukubwa wa tundu lililobaki ungeingia kidole cha mwisho, kwa kubana. Sabuni ya unga ikiwa nyingi kuliko kipimo, dawa ya kulainishia nguo, na maji ya kisima yenye chokaa na chumvi, vikikutana mahali penye maji yaliyosimama, hufanya uji huo.

Kiungo kilikuwa kibaya zaidi. Mipira miwili ya milimita 20 iliungwa kwa kipande cha bomba la nusu inchi lililoingizwa ndani yake, na kufungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Maji yaliyotoka kwenye njia pana yalilazimishwa kupita kwenye njia nyembamba. Na kwenye mdomo wa kipande hicho, imelala kwa upana, palikuwa na pini ya kumi ya mtandio. Ilikuwa imeshika kutu, na nyuzi zilikuwa zimejisokota juu yake kama uzi kwenye kijiti cha mvuvi. Nilikivuta kifundo kile kwa koleo, kikatoka kizima, cha ukubwa wa kokwa la tende.

Ndipo nilipoelewa ile wiki moja ya afya. Fundi wa pampu, ili aifikie pampu, aliisogeza mashine, akauchomoa mpira, maji yaliyomo yakarudi nyuma kwa kishindo. Kifundo kikageuka, njia ikafunguka kidogo. Akafunga pampu mpya, akajaribu, maji yakatoka. Kwa macho yake pampu ndiyo iliyoponya. Wiki moja baadaye nyuzi zilikuwa zimejipanga upya.

Ilibaki kuamua maji yapitishwe wapi, na hapa nyumba ilitubana. Kutoboa ukuta wa nje chini ya mashine kulikuwa ndiyo njia fupi. Lakini ni nusu mita ya matumbawe, na Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kuchezea kuta zake kuna taratibu. Zaidi ya taratibu, mimi mwenyewe sipendi kuona jiwe lililokaa miaka yote hiyo likitobolewa kwa ajili ya mpira. Kuiinua mashine juu ya jukwaa kungepunguza kimo cha kupanda, ila tungehitaji zaidi ya nusu mita, na mashine inayokamua juu ya jukwaa refu haitulii. Fundi wa vigae angeweza kuchimbua tundu la zamani. Bibi alikataa, vigae vimemgharimu.

Nikaingia bafuni. Nyuma ya ukuta wa ndani, upande wa pili wa ngazi, pana mfereji wa zamani wa chokaa unaopeleka maji ya kuogea nje. Uko hai, haujazibwa. Mashine ikihamishwa hatua nne tu hadi mlango wa bafu, mpira wake wa asili wa mita 1.7 ungefika bila kuungwa na kitu.

Basi tuliihamisha. Nilisimamisha bomba la inchi mbili kwenye mdomo wa mfereji kwa kutumia elbo, urefu wake sentimita 65 kutoka sakafuni, nikalifunga kwenye nguzo fupi ya mkoko badala ya kupigilia chokaa ya zamani ambayo ingebomoka. Mpira ukaingizwa kwenye bomba sentimita 15 na kufungwa kamba usiruke. Kijana aliniletea tepu nyeusi azibe nafasi iliyobaki kati ya mpira na bomba ili harufu isitoke. Nilimzuia. Nafasi ile ni ya hewa. Ukiiziba, bomba na mpira vinakuwa kitu kimoja kinachojivuta, na tunarudi kule kwa mashine inayokunywa maji, au maji machafu ya mfereji yanapata njia ya kupanda. Bomba liwe pana kuliko mpira, na mdomo wake uwe wazi.

Bomba, elbo na kamba vilikuwa shilingi 650.

Jaribio la kwanza mahali papya: sekunde 35. Nikafanya la pili ambalo halikuwa la lazima kwa mashine lakini lilikuwa la lazima kwa bibi. Nilitoa pampu mpya, nikafunga ile ya zamani kutoka kwenye kifurushi cha leso, tukajaza ndoo tena. Sekunde 37.

Alikaa kimya kidogo. "Basi ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima, bibi."

Nilimpigia fundi mwenzangu palepale, nikatoka kichochoroni ili tuzungumze wawili. Nilimweleza vipimo, kimoja kimoja. Hakubisha. Alikuja jioni ile kuuona mpira uliopasuliwa, akaushika mkononi, akamrudishia bibi ujira wake wa 1,500. Pampu dukani haikupokelewa, imeshatumika.

Yaliyobaki ni ya nyumbani. Binti ameweka kikopo juu ya mashine cha kutilia pini kabla ya nguo kuingia, na leso zenye nyuzi sasa zinafuliwa ndani ya mfuko wa wavu. Sabuni inapimwa kwa kijiko. Mara moja kwa mwezi mashine itazungushwa tupu kwa maji ya nyuzi joto 60. Chujio libaki la Ijumaa.

Mashuka na kanzu za wageni zilifuliwa mikupuo sita kwa siku mbili, na zote zilikauka sakafu ya juu kwa upepo. Baada ya Maulidi nilipita kumsalimia, nikaomba ndoo. Sekunde 36, na dramu haikuwa na harufu. Ndani inazunguka pampu ya zamani. Ile mpya iko kabatini juu, imefungwa kwenye kipande kilekile cha leso, ingoje siku itakapohitajika kweli.